Kisima Kinapokauka Jirani na Machimbo: Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha?

Dalili ya kwanza hujitokeza bombani. Mwenye nyumba hufungua maji asubuhi, yakaanza kwa kukohoa na kutema hewa, kisha yakatulia kana kwamba hakuna lililotokea. Wiki chache baadaye pampu huchukua muda mrefu zaidi kujaza tangi lile lile, na chini ya ndoo hubaki mchanga laini ambao zamani haukuwapo. Hatimaye hufika siku pampu inanguruma bila kuleta chochote. Mita mia kadhaa kutoka hapo, upande wa pili wa uzio, yapo machimbo ya changarawe ambayo shimo lake limekuwa likishuka mwaka hadi mwaka, na ndani ya shimo hilo kuna pampu kubwa kuliko ya nyumbani mara nyingi, inayotoa maji usiku na mchana ili mitambo ifanye kazi pakavu.

Mwenye nyumba akienda kulalamika huulizwa swali ambalo kwa kulisikia tu linaonekana la haki kabisa: una ushahidi gani kwamba ni machimbo? Hoja yangu ni kwamba swali hilo limeelekezwa kwa mtu asiyefaa kuulizwa. Anayechimba ndiye mwenye ramani za matabaka, mashimo ya uchunguzi, kumbukumbu za kiasi cha maji anayoyatoa na wataalamu wa kuzisoma kumbukumbu hizo, ilhali mwenye nyumba ana bomba kavu na kumbukumbu ya kichwani kwamba mwaka juzi maji yalikuwa mengi. Kumtaka huyu wa pili athibitishe jambo ambalo vielelezo vyake vyote vimo kabatini mwa yule wa kwanza ni kuiamua kesi kabla haijasikilizwa.

Ili kuona kwa nini nasema hivyo, inabidi tushuke kwanza chini ya ardhi. Watu wengi huwaza kwamba changarawe ni mawe yaliyolala juu ya maji, kwa hiyo kuyaondoa ni kama kuondoa kifuniko. Hali halisi ni kwamba penye tabaka nene la changarawe, changarawe hiyo mara nyingi ndiyo ghala lenyewe la maji. Nafasi zilizo kati ya kokoto na chembe za mchanga hufikia robo hadi theluthi ya ujazo wote, na nafasi hizo zimeungana, hivyo maji hupita humo kwa wepesi ambao udongo wa mfinyanzi haukaribii hata kidogo. Mchimbaji na mwenye kisima wanagombea kitu kile kile: mmoja anataka mawe, mwingine anataka kilichomo kati ya mawe.

Maji yanapotolewa shimoni, uso wa maji ya ardhini huinama kuelekea shimo hilo kutoka pande zote, ukafanya umbo la faneli pana ambayo shimo liko katikati yake. Kisima chochote kilichomo ndani ya ukingo wa faneli hiyo hupoteza sehemu ya kina chake cha maji, na kadiri kilivyo karibu na shimo ndivyo kinavyopoteza zaidi. Kuna jambo hapa ambalo huwashangaza wengi. Katika changarawe kubwa, ambamo maji hupita kwa urahisi, faneli huwa ya kina kidogo lakini hutanuka mbali sana. Katika mchanga laini huwa na mteremko mkali lakini haifiki mbali. Maana yake ni kwamba sifa ile ile iliyomfanya mwenye nyumba ajivunie kisima chenye maji mengi ndiyo inayoyafikisha machimbo mpaka kwake. Isitoshe, faneli haijengeki kwa siku moja. Charles Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, alionyesha kwa hesabu mwaka 1935 kwamba ushukaji wa maji huendelea kuongezeka na kutanuka kadiri muda wa kusukuma unavyorefuka. Kwa hiyo ukaguzi uliofanywa katika mwaka wa kwanza wa uchimbaji na kukuta visima vyote vizima hauwezi kusema chochote kuhusu mwaka wa saba, hasa ikiwa shimo nalo limezidi kwenda chini.

Wapo wachimbaji wanaosema hawahusiki kwa sababu hawasukumi maji. Wanachimba mawe yakiwa ndani ya maji na kuliacha shimo liwe ziwa. Njia hiyo kwa kawaida huwa na madhara madogo zaidi, nakubali, lakini haiko huru na madhara. Kila mita ya ujazo ya changarawe inayotolewa chini ya uso wa maji huacha nafasi iliyokuwa imejaa mawe kwa zaidi ya theluthi mbili, na nafasi hiyo hujazwa na maji yanayovutwa kutoka ardhi inayoizunguka. Halafu linakuja suala la mteremko. Uso wa maji ya ardhini si bapa. Huteremka pole pole kuelekea mto au bonde, ilhali uso wa ziwa ni bapa lazima. Tuseme mteremko ni mita 5 kwa kila kilomita na shimo lina urefu wa mita 400 kufuata mteremko huo. Kati ya ncha ya juu na ncha ya chini palikuwa na tofauti ya mita 2. Ziwa likishatulia, tofauti hiyo hufutika: ukingo wa juu hupoteza karibu mita moja na ukingo wa chini hupata karibu mita moja. Mwenye kisima upande wa juu anapungukiwa maji bila pampu hata moja kuwashwa, na hali hiyo haiishi machimbo yakifungwa, kwa kuwa ziwa linabaki. Zaidi ya hapo, jua huchukua maji ya ziwa lililo wazi moja kwa moja, jambo ambalo halikuwezekana kwa urahisi yalipokuwa yamefunikwa na mita kadhaa za udongo.

Mita moja au moja na nusu inaweza kuonekana si kitu. Ripoti za kitaalamu hupenda kuieleza kwa asilimia: uso wa maji umeshuka kwa asilimia 10 ya unene wa tabaka, athari ni ndogo. Lakini kisima hakifanyi kazi kwa asilimia. Pampu iliyofungwa juu ya ardhi huinua maji kwa kutegemea uzito wa hewa, na uzito huo, hata kwa pampu isiyo na kasoro yoyote, hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10.3 usawa wa bahari. Pampu halisi hushindwa kwenye mita 7 au 8. Chukua kisima ambacho maji yake yalitulia mita 6 chini na hushuka hadi mita 7 pampu inapovuta. Ukiyashusha kwa mita moja na nusu tu, pampu hiyo imefika mwisho wake, ingawa kisimani bado mna maji na chini ya kisima kuna mita 15 za changarawe iliyoloa. Familia inabeba ndoo kutoka kwingine, na ripoti inayosema athari ni ndogo haina tarakimu hata moja ya uongo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika mashauri haya: madhara hupimwa kwa kipimo cha tabaka zima, ilhali yanampata mtu kwa kipimo cha bomba lake.

Haki inadai pia niseme upande wa pili, kwa sababu si kila kisima kinachokauka kando ya machimbo kimekaushwa na machimbo. Pampu huchakaa. Vali ya chini ikivuja, maji hurudi kisimani na mfumo hujaa hewa. Bomba lenye matundu lililo chini ya kisima huziba pole pole kwa chokaa au kwa ute wa bakteria wa chuma, ule wa rangi ya kutu unaoonekana ndani ya tangi la choo. Mvua nazo hupungua miaka miwili au mitatu mfululizo, na majirani huchimba visima vyao. Mchimbaji akizitaja sababu hizi hatoi visingizio. Ni sababu za kweli na lazima zichunguzwe.

Uzuri wake ni kwamba zinachunguzika, na kwa vifaa ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvishika. Kinachotakiwa ni kina cha maji mara mbili: yakiwa yametulia, na pampu ikiwa imefanya kazi kwa muda fulani. Ikiwa maji yaliyotulia yako pale pale yalipokuwa miaka yote, lakini pampu ikiwashwa yanashuka kwa kasi kuliko zamani, kasoro iko kwenye kisima chenyewe. Matundu yameziba na kisima kinahitaji kusafishwa. Ikiwa maji yaliyotulia yenyewe yameshuka, basi ni ghala lililopungua, na hakuna fundi wa pampu atakayelirekebisha. Ukitaka kutenganisha ukame na machimbo, linganisha na kisima kingine kilichomo katika tabaka la aina ile ile, chenye kupata mvua ile ile, lakini kilicho mbali na shimo. Vikishuka pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, ukame ndio wenye maelezo. Kimoja kikishuka na kingine kikibaki, swali linarudi kwenye uzio.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua maji, utepe wa chuma uliosafishwa kwa dawa ya klorini hupakwa chaki mita chache za mwisho, ukateremshwa kisimani mpaka alama ya mita nzima ilingane na ukingo wa bomba la kisima, kisha ukavutwa juu. Sehemu iliyozama hutoka na chaki iliyoloa na kubadilika rangi, na mstari kati ya chaki kavu na chaki iliyoloa huonekana wazi kama umechorwa kwa kalamu. Toa urefu wa sehemu iliyoloa kwenye urefu wote ulioteremshwa, nawe umepata kina cha maji kwa usahihi wa sentimita. Andika tarehe, saa, mvua ya karibuni na kama machimbo yalikuwa yanafanya kazi. Ukingo wa kupimia usibadilike kamwe, na mtu asiingie kisimani kwa sababu yoyote, kwa kuwa hewa ya chini ya kisima inaweza kuua kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Sasa, kama kipimo ni rahisi hivyo, mbona nasema mzigo usiwe wa mwenye nyumba? Kwa sababu kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile cha kabla ya uchimbaji kuanza, na wakati huo mwenye nyumba hana sababu yoyote ya kupima. Hakuna anayeteremsha utepe kwenye kisima kizima. Anayejua mapema kwamba shimo litafika mita 20, kwamba litavuka uso wa maji na kwamba pampu zitawashwa lini ni mwombaji wa leseni peke yake.

Sheria imechukua muda mrefu kulikaribia jambo hili. Mwaka 1843 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Acton na Blundell, ambamo kisima cha mwenye kinu cha pamba kilikauka baada ya makaa ya mawe kuchimbwa katika ardhi ya jirani. Mahakama ilisema mwenye ardhi ana haki ya kuchimba kilicho chini yake, na akikausha maji ya jirani, hasara ni ya jirani. Mwaka 1861 mahakama kuu ya jimbo la Ohio, Marekani, katika shauri la Frazier na Brown, ilikwenda njia hiyo hiyo na kutoa sababu ambayo naiona ya kusikitisha: kwamba mwendo wa maji ya chini ya ardhi ni wa siri na umefichika kiasi kwamba sheria haiwezi kuutungia kanuni. Miaka mitano kabla ya hukumu hiyo, mhandisi Henry Darcy alikuwa amekwisha kuchapisha, kutokana na majaribio aliyofanya Dijon, Ufaransa, kanuni ya mwendo wa maji ndani ya mchanga ambayo wataalamu wanaitumia mpaka leo. Maji hayakuwa ya siri tena, ila habari hizo hazikuwa zimefika mahakamani.

Zilifika kwa kuchelewa sana. Ni mwaka 1984 ndipo mahakama hiyo hiyo ya Ohio ilipoutengua msimamo wa 1861, na jambo lililoifikisha hapo lilikuwa hasa hili tunalolizungumzia: wenye nyumba waliolalamika kwamba kusukuma maji nje ya machimbo ya mawe kumekausha visima vyao. Kwa visima vya Ohio, kutojua kwa majaji wa 1861 kulidumu kama sheria kwa miaka 123. Kwa upande wa bunge, sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayosimamia uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi inamlazimu mchimbaji kumpatia mwenye maji chanzo kingine ikiwa uchimbaji umechafua, umepunguza au umekatiza maji yake. Ni kifungu kizuri, lakini kinahusu makaa ya mawe. Changarawe haimo. Sijaona sababu ya kimaumbile inayofanya kisima kilichokaushwa na shimo la changarawe kistahili ulinzi mdogo. Maji hayajui ni mawe gani yaliyotolewa.

Hata hivyo, mfano ninaouona bora zaidi unatoka katika uchimbaji wa namna nyingine kabisa. Sheria ya mafuta na gesi ya jimbo la Pennsylvania ya mwaka 1984 iliweka dhana kwamba, maji ya mtu yakichafuka ndani ya futi 1,000 kutoka kwenye kisima cha gesi na ndani ya miezi sita tangu kazi ikamilike, mchimbaji anahesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha, mpaka athibitishe vinginevyo. Mwaka 2012, kwa visima vya gesi iliyonaswa ndani ya miamba isiyoipitisha kwa urahisi, masafa yaliongezwa hadi futi 2,500, karibu mita 760, na muda ukawa mwaka mmoja. Mojawapo ya njia za mchimbaji kujinasua ni kuonyesha kwa vipimo vya kabla ya uchimbaji kwamba maji yalikuwa mabaya tangu awali. Tazama kinachofuata. Kampuni ambayo isingepima kisima cha jirani hata kwa kubembelezwa, sasa inabisha hodi yenyewe na chupa za sampuli mkononi, kwa kuwa bila kipimo hicho itaingia kwenye shauri ikiwa tayari imeshahesabiwa kuwa na kosa. Hakuna aliyenyimwa haki ya kujitetea. Kilichobadilika ni kwamba gharama ya kutojua imehamia kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kujua.

Utaratibu huo ungefaa machimbo ya changarawe, ukiwa na marekebisho. Masafa yasiwe namba moja kwa kila mahali, kwa kuwa faneli ya changarawe kubwa si faneli ya mchanga laini. Yatokane na jaribio la kusukuma maji linalofanywa kabla ya leseni, likisimamiwa na mtu asiyelipwa moja kwa moja na mwombaji. Kila kisima kilichomo ndani ya masafa hayo kipimwe kina na ubora wa maji kwa angalau mwaka mzima, ili majira ya mvua na ya kiangazi yote yaonekane, na mwenye kisima apewe nakala ya karatasi yake. Tathmini za athari kwa mazingira mara nyingi huwa na kurasa nyingi kuhusu vumbi na kelele, na aya mbili tatu kuhusu visima vya majirani. Kumbukumbu za maji yanayotolewa shimoni kila siku ziwe wazi kwa umma, kwa sababu bila hizo hakuna mtaalamu wa kujitegemea anayeweza kukagua hesabu ya mtu yeyote.

Fidia nayo imezoea kuwa nyembamba mno. Mwenye nyumba hupewa kisima kirefu zaidi, akasaini karatasi, jambo likafungwa. Kuinua maji kutoka mita 30 kunatumia umeme zaidi ya kuyainua kutoka mita 7, kila siku, kwa miaka yote ya maisha ya nyumba ile. Pampu ya kuzama ni ghali kuifunga na ghali kuitoa ikiharibika. Na maji ya tabaka la chini yanaweza kuwa na chuma au manganisi ambayo ya juu hayakuwa nayo. Ikiwa dhamana ya fedha inayowekwa wakati wa kutoa leseni inahesabu kufukia shimo na kupanda miti, basi ihesabu na gharama hizi, na irudishwe baada ya uso wa maji kupimwa na kuonekana umerudi, hata kama hilo litatokea miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka.

Wanabaki wale ambao bomba lao limekwisha kauka leo na hawana karatasi ya kipimo hata moja. Kwao bado kuna jaribio moja ambalo mamlaka ya maji inaweza kuliamuru: pampu za machimbo zizimwe kwa majuma mawili au matatu wakati wa kiangazi, ambapo mvua haiwezi kuingilia, huku vipimo vinavyojiandika vyenyewe kila saa vikiwa vimeteremshwa ndani ya visima vya majirani na ndani ya kisima kimoja cha mbali. Shimo litaanza kujaa. Ikiwa maji ya visima vya karibu yanaanza kupanda, cha karibu zaidi kikitangulia, na kile cha mbali hakitikisiki, kisha yote yanageuka na kushuka pampu zinapowashwa tena, hapo mchoro wa siku zile utakuwa umejibu kile ambacho mwenye nyumba alikuwa akiulizwa mlangoni. Mchimbaji atasema kusimama majuma matatu kutamletea hasara, na ni kweli kutamletea, lakini hasara hiyo ina tarehe ya kuisha, na nyumba ya jirani imekaa bila maji muda mrefu kuliko huo.